Maswali ya Wasomaji: Kilainishi cha Maganda ya Risasi

Mwezi huu tumepokea barua tatu zinazogusa jambo moja, nalo ni mafuta au nta inayopakwa kwenye ganda la risasi lililokwisha kutumika kabla ya kulibana ndani ya dai, yaani kalibu ya chuma, ili lirudi kwenye kipimo chake. Tunazijibu pamoja. Majibu ya maswali ya pampu za maji yatatoka katika toleo lijalo.

Fundi, shikamoo. Nafanya kazi katika karakana ya bunduki yenye leseni hapa Arusha, na kazi yangu ni kutunza bunduki za wawindaji pamoja na kumsaidia bosi wangu kujaza upya risasi za .30-06 na .375 H&H kwa kibali alichonacho. Kilainishi tulichokuwa tumeagiza kutoka nje kimekwisha na msimu umekaribia. Mwenzangu mmoja anapulizia WD-40, mwingine anasema mafuta ya injini yanatosha, na fundi mstaafu wa jirani anasifu mafuta ya nyonyo. Wiki iliyopita ganda moja la .375 lilinasa ndani ya dai, na tulipolazimisha ukingo wake ukakatika. Tutumie nini, na hilo lililonasa tulitoeje? – Msomaji, Njiro, Arusha

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kutaja kibali mwanzoni, maana kutengeneza risasi nchini bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na msomaji asiye na kibali asiyachukue majibu haya kuwa ndiyo ruhusa.

Kabla ya kutaja chupa yoyote, tuangalie kwanza kinachotokea ndani ya dai. Risasi inapofyatuliwa, ganda hutanuka likajibana kwenye kuta za chemba, yaani chumba cha risasi ndani ya bunduki, kisha husinyaa kidogo tu, kwa hiyo linapotoka huwa nene kuliko lilivyoingia. Dai ya chuma kigumu hulibana lote, kuanzia karibu na kitako hadi shingoni, mpaka liwe jembamba kuliko chemba. Ganda hilo ni la shaba ya manjano, yaani takribani asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki, madini ambayo yakisuguliwa kwa nguvu juu ya chuma bila kitu cha kuyatenganisha huanza kunata na kung'oka vipande vidogo vidogo. Vipande hivyo hubaki kwenye ukuta wa dai, hukwaruza ganda linalofuata, na hatimaye ganda moja hugoma katikati ya safari, haliendi mbele wala halirudi nyuma. Ndicho kilichowapata.

Kwa hiyo kilainishi kinachotakiwa hapa hakipimwi kwa utelezi unaousikia ukikisugua vidoleni. Kinachotakiwa ni utando unaoshikamana na shaba na kukataa kukamuliwa hata pale shinikizo linapokuwa kubwa, na ambao baada ya kazi unaweza kuondolewa wote. Ukipima hoja za wenzako kwa vigezo hivyo viwili, ugomvi wa karakana yenu unakwisha mapema.

WD-40 ilitengenezwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza unyevu kwenye chuma, na kwa kazi hiyo ni nzuri; lakini ni nyepesi mno, hukamuliwa mara tu dai inapoanza kubana, na ubaya wake mwingine ni kwamba hupenya kila mahali. Mabaki yake yakibaki kwenye tundu la fataki, yaani kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, yanaweza kuiharibu fataki mpya, na risasi ikakataa kulipuka mbele ya nyati. Iondoeni mezani kabisa. Mafuta ya injini yameundwa kwa ajili ya vyuma vinavyozunguka huku pampu ikiyaleta upya kila sekunde, na hapa hakuna pampu. Yanaweza kukuvusha kwenye ganda fupi, lakini .375 H&H ina ganda lenye urefu wa milimita 72 na ushee, na eneo lote hilo linasuguliwa kwa mpigo mmoja. Mafuta ya mgando ya dukani nayo nayaweka katika kundi hilo hilo.

Mzee wa jirani msimdharau. Mafuta ya nyonyo hushika chuma kwa nguvu kuliko mafuta ya kulainishia yatokanayo na mafuta ghafi, na ndiyo yaliyolainisha injini za mzunguko za ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia. Kasoro yake ni kwamba yakikaa hewani hugeuka kuwa gundi ya rangi ya kahawia, na kwa vumbi la Longido au Simanjiro, ganda lenye gundi hiyo hugeuka msasa. Yatumieni kama kiungo cha kuongezea, si kama kilainishi pekee.

Ninachowashauri ni lanolini, yaani mafuta yanayotolewa kwenye sufu ya kondoo. Ni nta laini yenye tabia ya kung'ang'ania juu ya metali, haikamuliwi kwa urahisi, na vilainishi vingi vya kupulizia vinavyouzwa ghali kwa wajaza risasi vimejengwa juu yake. Msiende kuitafuta kwa wafugaji wa huku kwetu, kwa sababu kondoo wekundu wa Kimasai wana nywele badala ya sufu. Inayouzwa duniani hutoka kwenye nchi za sufu kama Australia na New Zealand. Ulizeni kwenye maduka makubwa ya dawa, ambako huwekwa kwa ajili ya akina mama wanaonyonyesha waliochubuka chuchu, na hakikisheni kwamba ni lanolini tupu isiyo na maji, wala si krimu iliyochanganywa na manukato.

Mchanganyiko wenyewe ni sehemu 1 ya lanolini kwa sehemu 10 hadi 12 za spiriti ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 99. Spiriti ya asilimia 70 ina maji mengi, lanolini haiyeyuki humo vizuri, na utaona madonge yakielea. Vitakasa mikono vilivyobaki stoo tangu wakati wa korona navyo havifai, kwa kuwa vingi vina gliserini na vitu vya kuvifanya viwe vizito. Lanolini iwekeni chupa yake ndani ya maji ya moto mpaka ilainike, kisha iondoeni jikoni kabisa ndipo muimiminie spiriti, maana mvuke wa spiriti hushika moto hata kwa mbali. Mkipenda, ongezeni mafuta kidogo ya nyonyo, naye mzee wenu atafurahi.

Sasa kosa linalonasisha maganda mengi kuliko uchaguzi mbaya wa mafuta: haraka. Spiriti ni mbebaji tu. Ganda lililopuliziwa likaingizwa kwenye dai likiwa bado bichi limelainishwa na spiriti, na spiriti hailainishi chochote. Pulizieni maganda yakiwa kwenye trei, yazungusheni, subirini dakika chache mpaka ubichi uishe na vidole visikie unato mwepesi. Mwezi Juni na Julai, asubuhi za Arusha zikiwa na baridi, ongezeni muda, na chupa ikiganda iwekeni juani kidogo mkaitikise kabla ya kuanza.

Hata hivyo, kwa .375 mimi binafsi nisingepulizia. Ningetumia nta ya kupaka kwa vidole, kama Imperial Sizing Die Wax mkiweza kuipata, au lanolini hiyo hiyo tupu bila spiriti. Gusa nta kwa ncha ya kidole gumba, kiasi kinachotosha kukifanya king'ae na si zaidi, kisha lizungushe ganda kati ya kidole gumba na cha shahada ukianzia juu tu ya ule mkanda wa kitako na kupanda hadi chini ya bega, pale ganda linapoanza kupungua kuelekea shingoni. Hapo chini, karibu na kitako, ndipo ukuta wa ganda ulipo mnene na ndipo nguvu nyingi inapotumika, kwa hiyo nta iwe nyingi kidogo kuliko kwingine. Bega na shingo kwa nje viacheni. Kitakachosogezwa na dai kutoka chini kinatosha. Ukilishika ganda kwenye mwanga, uone alama za vidole vyako juu yake, lakini usione mng'ao wa umajimaji wala mfereji.

Mkono wenyewe utakuambia mengine. Ganda lililopakwa sawasawa hupanda kwa ukinzani wa kadiri usiobadilika ghafla. Ukisikia wenzo wa presi, ile mashine inayolisukuma ganda ndani ya dai, umekuwa mzito katikati, simama, lirudishe ganda, lipake tena. Anayeongeza nguvu hapo, tena kwa kuning'inia juu ya wenzo kama niliyowahi kumshuhudia, anatafuta kazi ya ziada.

Na hiyo kazi ya ziada ndiyo mliyo nayo sasa. Kwanza hakikisheni kwamba ganda ni tupu kabisa, halina baruti, na fataki iliyomo imekwisha kutumika; kama kuna shaka yoyote, msiguse drili. Fungueni fimbo ya kutoa fataki muivute kadiri inavyowezekana. Kisha dondosheni mafuta ya kupenya kupitia juu, iacheni dai yote ilale usiku kucha, halafu iwekeni kwenye friza. Shaba ya manjano husinyaa kwa baridi kuliko chuma, karibu mara moja na nusu, na mara nyingine tofauti hiyo ndogo hulegeza mshiko. Ikigoma, ifungeni dai kwenye jiliwa kwa kipande cha mbao ili msiiharibu, toboeni kitako kupitia tundu la fataki, kateni uzi wa skrubu kwa tepu, yaani kifaa cha kukatia uzi huo, ya robo inchi, wekeni bomba fupi lenye washa linalokalia dai na si ganda, kisha ingizeni bolti na kuikaza polepole. Bolti inavyokazwa inalivuta ganda lije nje. Msipige nyundo kutoka juu. Fimbo itapinda na dai itachubuka. Ganda likishatoka, safisheni ukuta wa dai kwa kitambaa chenye spiriti na muuangalie kwa tochi. Mkiona mistari ya rangi ya manjano, hiyo ni shaba iliyonata. Isugueni kwa dawa laini ya kung'arishia metali mpaka iishe, la sivyo ganda linalofuata litakwaruzwa vile vile.

Mzee wangu, salamu kutoka Moshi. Mimi ni mlengaji shabaha, nina kibali changu, na ninajaza risasi za .308 pekee. Kilainishi changu ni cha nta na sijawahi kunasisha ganda, ila maganda yangu hutoka na vibonyeo vidogo begani, kama mtu aliyebonyeza kwa kucha. Je, maganda hayo yatupwe? Pia naomba kujua namna ya kuondoa nta baadaye, kwa sababu rafiki yangu anasema si lazima, eti risasi yenye mafuta kidogo huingia vizuri zaidi kwenye chemba. – Msomaji, Majengo, Moshi

Ahsante kwa salamu, na ahsante zaidi kwa kuleta tatizo lililo kinyume cha lile la Arusha, kwa maana wewe unapaka kupita kiasi. Nta na mafuta havikubali kubanwa vikapungua ujazo. Ile ya ziada husukumwa juu na dai, hufika kwenye kona ya bega, inakosa pa kutokea, na kwa kuwa chuma hakiwezi kurudi nyuma, shaba ndiyo inayobonyea. Vibonyeo vidogo visivyo na mkunjo mkali wala ufa havina madhara, na vitajinyoosha vyenyewe risasi itakapofyatuliwa. Lile lenye mkunjo mkali litupe bila kulisikitikia. Chunguza pia tundu dogo lililotobolewa ubavuni mwa dai. Dai nyingi zinalo kwa ajili ya kutolea hewa na mafuta ya ziada, na likizibwa na nta ya miezi mingi, hata kiasi sahihi cha nta huanza kuacha vibonyeo. Sindano ya kushonea na kitambaa chenye spiriti vinalizibua.

Shingo kwa ndani ni habari nyingine. Lile tufe la kupanua shingo, lililo ndani ya dai, linaporudi chini likiwa kavu, hulia kama bawaba isiyotiwa mafuta na huivuta shingo ikarefuka au ikapinda. Humo usitie nta, kwa sababu itakutana na baruti. Tumia unga wa grafiti au wa ulanga kwenye brashi ndogo ya nailoni, uipitishe mara moja kwenye kila ganda la tatu au la nne.

Kuhusu rafiki yako, naomba usimsikilize. Ganda kavu hujishika kwenye kuta za chemba wakati wa mlipuko na kubeba sehemu ya msukumo. Ganda lenye mafuta huteleza nyuma, na msukumo huo wote huangukia bolti ya bunduki, yaani chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, ambayo haikukusudiwa kuubeba peke yake mara kwa mara. Zaidi ya hayo, nta hukusanya vumbi na kulipeleka ndani ya chemba. Kilainishi kiondolewe chote, ndani na nje, kabla fataki mpya na baruti havijawekwa.

Njia ya kukiondoa inategemea ulichopaka. Vilainishi vinavyoyeyuka katika maji, kama kile cheupe cha Lee kinachouzwa katika tyubu, hutoka kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Kisha suuza, na maganda yakauke kabisa, kwa sababu tone moja lililojificha ndani linatosha kuiharibu baruti. Nta na lanolini huhitaji spiriti na kitambaa, ganda moja baada ya jingine, au mashine ya kutikisa yenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Katika hilo tumebarikiwa sisi wa kaskazini, kwa kuwa magunzi baada ya mavuno hutupwa au huchomwa, wakati wenzetu wa Ulaya huyanunua kwa mifuko. Yakaushe vizuri juani, yasage kwenye mashine ya chakula cha kuku, uyachekeche mpaka chembe ziwe ndogo kuliko tundu la kupitishia moto wa fataki au kubwa waziwazi kuliko hilo tundu. Chembe inayolingana nalo ndiyo inayokwama humo. Fanya hivyo maganda yakiwa matupu.

Kuna jambo hukuuliza, lakini kwa kuwa unaishi Moshi nitaliongeza. Usisafishe maganda kwa dawa yenye amonia, hata kama inang'arisha haraka, na usiyahifadhi kwenye stoo iliyopakana na banda la ng'ombe. Shaba ya manjano iliyobanwa, kama lilivyo ganda lililotoka kwenye dai, hupata nyufa ikikaa kwenye hewa yenye amonia na unyevu. Jeshi la Waingereza nchini India lililiona tatizo hilo wakati wa masika, risasi zilizohifadhiwa jirani na mabanda ya farasi zikipasuka zenyewe shingoni, na mwaka 1921 wataalamu walithibitisha kwamba amonia itokayo kwenye mkojo ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi hiyo. Sasa fikiria kihamba chetu cha Kichaga, ng'ombe amefungwa ndani mwaka mzima, mvua za Aprili zinanyesha, na ukuta wa stoo ni mbao tupu. Maganda yako yaweke nyumbani, kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, ndani ya kabati lenye kufuli kama masharti ya kibali chako yanavyotaka.

Habari za kazi, Fundi. Swali langu ni fupi. Klabu yetu ina leseni ya kujaza risasi za bastola za milimita 9, na aliyetuuzia dai alisema hazihitaji kilainishi chochote. Mwenzetu mwenye uzoefu wa bunduki anasisitiza kwamba kila ganda lazima lipakwe. Nani mkweli? – Msomaji, Usa River

Salama, ndugu yangu. Inategemea dai yenyewe. Dai nyingi za bastola zina pete ya kabidi ya tangsteni mdomoni, metali ngumu mno yenye uso laini ambao shaba hainati juu yake, na kwa maganda yaliyonyooka kazi hufanyika yakiwa makavu. Itazame mdomoni kwa tochi: pete ya kabidi huonekana kama mviringo wa rangi tofauti kidogo na chuma kinachoizunguka. Ikiwa haipo, mwenzenu ana haki na kila ganda lipakwe.

Ikiwa ipo, muuzaji hakuwadanganya, ingawa ganda la milimita 9 huwa nene kidogo chini kuliko juu na hubana zaidi kuliko la .38 Special. Kwa hiyo, mkiwa na maganda mengi, pulizieni kidogo mchanganyiko wa lanolini kwenye ganda moja kati ya kila matano au sita, kisha yachanganyeni yote kwenye beseni. Mikono ya mwenye presi itasikia tofauti, na kabidi yenyewe itabaki safi. Mkifanya hivyo, hatua ya kufuta kilainishi mliyokuwa mmeikwepa inarudi, hivyo pimeni kama nafuu hiyo inastahili kazi yake. Jambo la lazima, kwa kabidi au kwa chuma, ni kuosha maganda kabla ya kuyapeleka kwenye dai. Yale yaliyookotwa kwenye uwanja wa shabaha yana mchanga, na punje moja iliyonata kwenye mdomo wa dai huchora mstari juu ya kila ganda litakaloifuata mpaka mtu aigundue.